Nilivyopanga safari ya Komoro nikianzia kisiwa cha mbali

Ukiwaambia watu unakwenda Komoro kutembea, watakuuliza una ndugu kule au unafuata mzigo. Nchi yenyewe iko saa moja na nusu hivi kwa ndege kutoka Dar es Salaam, na Wangazija tumekaa nao Kariakoo na Unguja tangu enzi za mababu, lakini Mtanzania anayekwenda kule kutalii ni wa kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo wa kumuuliza humpati kirahisi, na habari za mtandaoni nyingi ni za Kifaransa, nyingine za zamani. Naeleza hapa nilivyojipanga mwenyewe, kwa mshahara wa mwalimu, nikaenda Juni 2025.

Kabla ya nauli niliangalia kalenda. Mwalimu ana likizo mbili za maana, Juni na Desemba. Desemba niliifuta mapema. Mvua za kule huanza Novemba hadi Aprili, na ndio msimu wa vimbunga: Aprili 2019 Kenneth alipita Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, kabla ya kuingia Msumbiji, na Desemba 2024 Chido aliisambaratisha Mayotte, kisiwa cha nne cha funguvisiwa hilo ambacho kiko chini ya Ufaransa. Ikabaki Juni, wakati wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini, mvua chache na hali ya hewa ya kupumua.

Juni nayo ina mipaka yake. Idi Kubwa ilikuwa mwanzoni mwa mwezi, na siku za Idi usitegemee kupata gari, ofisi wala fundi. Halafu kuanzia Julai hadi Agosti wanarudi Wangazija wa Ufaransa, hasa wale wa Marseille, kuja kwenye Anda. Hii ndiyo ile harusi kubwa ya Ngazija, ambayo mwanamume huichangia fedha za miaka mingi. Asiyeifanya, hata awe na mvi kichwa kizima, kwenye baraza la mji wake anahesabiwa kijana. Wakishaanza kushuka, viti vya ndege huadimika, bei hupanda, na magari hukodiwa kwa shughuli. Mwaka huo kulikuwa na jambo jingine tena: tarehe 6 Julai nchi ilikuwa inatimiza miaka 50 ya uhuru. Nikaona dirisha langu ni baada ya Idi na kabla mwezi wa saba haujaingia. Tiketi ya kutoka Dar kwenda Moroni, mji mkuu wa Komoro, nilikata mapema, nikijua tarehe hizo sitazisogeza. Air Tanzania na Precision Air wamekuwa wakienda Moroni moja kwa moja kutoka Dar, na kulinganisha bei zao ni kazi ya jioni moja.

Maswali mengine yote niliyapeleka Kariakoo. Wafanyabiashara wa Komoro huja pale kununua nguo, vyombo na vipuri, na kuna wenyeji wanaowahudumia wakati wote. Niliunganishwa na mama mmoja wa makamo anayesafirisha mizigo kwenda Moroni. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, akanitazama kama mtu anayepima kitambaa.

"Mwanangu, dola usibebe," akasema. "Beba euro, na ziwe ndogondogo."

"Na kadi ya benki, mama?"

"Hiyo kadi iandalie matumizi ya hapa hapa Dar."

Alikuwa sahihi. Mashine za kutolea pesa ziko chache, nyingi Moroni, na huko visiwa vidogo nisingeitegemea hata moja. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, kwa hiyo hesabu haikuchezi: euro moja ni faranga 492. Kwa kuwa euro wakati huo ilikuwa ikikaribia shilingi 3,000, nilijiwekea kanuni ya kuzidisha mara sita. Nikiambiwa faranga 1,000, najua ni kama shilingi 6,000 za kwetu. Kanuni hiyo iliniokoa sokoni, maana bei zikitajwa kwa faranga masikio ya Mtanzania husikia kila kitu ni rahisi. Si rahisi. Mchele, unga, mafuta na kuku wengi hutoka nje, na bei yake unaiona kwenye sahani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonichukua muda kuliko yote, yaani mpangilio wa visiwa. Komoro yote, ukiondoa Mayotte, haifiki kilomita za mraba 1,900, na watu wake hawajafika milioni moja. Ukiiangalia kwenye ramani unajidanganya kwamba wiki moja inatosha kuimaliza. Lakini kuna visiwa vitatu, Ngazija, Nzwani na Mwali, na kila unapovuka unaweka rehani siku zako. Njia ni mbili. Ya kwanza ni boti za faiba zinazoondoka Chindini, kusini kabisa mwa Ngazija, kwenda Hoani upande wa Mwali. Wenyeji huzipanda kila siku, nazo ni nafuu. Lakini Juni ni kusi, na mkondo ule kusi likivuma si mahali pa mtu aliyekulia Moshi na kujifunza kuogelea ukubwani. Njia ya pili ni vindege vidogo. Safari ni ya dakika zisizofika hata saa, ila ratiba yake haina mwenyewe. Ndege ikiharibika, au abiria wakiwa wachache, unaambiwa uje kesho.

Watu wengi hufanya hivi: wanashuka Moroni, wanakaa kwanza wauzoee mji, kisha mwishoni mwa likizo wanakwenda visiwa vidogo na kurudi mkesha wa safari ya nyumbani. Mimi niligeuza. Niliamua nikishuka tu niunganishe kwenda Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, nimalizie Ngazija ambako ndiko uliko uwanja wa Hahaya wa kunirudisha Dar. Kati ya kurudi kutoka Mwali na ndege ya nyumbani niliacha siku za akiba ambazo sikuzipangia lolote la lazima. Nzwani nikaiacha kabisa, na iliniuma, kwa sababu mji wa kale wa Mutsamudu na ngome yake nimeutamani siku nyingi. Lakini visiwa vitatu kwa likizo moja ni kukaa viwanja vya ndege vitatu ukisubiri kuitwa jina.

Malazi ya Mwali hayakuwa ya kubofya. Nilitaka Nyumashuwa, kijiji cha kusini kinachotazamana na visiwa vidogo vya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2001, na pale kuna vibanda vya wageni ufukweni. Namba niliipata kwa watu wa Kariakoo. Mwalimu wa Kifaransa shuleni kwetu akaniandikia ujumbe wa WhatsApp wenye heshima zote, tukauliza bei ya chumba pamoja na chakula cha usiku, chandarua, na nani atanipokea. Jibu lilirudi kwa sauti, nusu Kifaransa, nusu Kikomoro kilichochanganywa na Kiswahili baada ya kusikia natoka Tanzania. Hakuna aliyeniomba malipo ya awali. Nikapiga tena wiki moja kabla, na tena siku ya kuondoka, na nakushauri nawe upige, kwa sababu huko ahadi inakaa kwa mtu, haikai kwenye kompyuta.

Mkoba niliuweka mdogo kwa ajili ya mizani ya vile vindege. Ndani kulikuwa na chandarua, tochi, betri ya kuchajia simu (umeme hukatika mno), plagi ya miguu miwili ya mviringo kama ya Ufaransa, vidonge vya kusafishia maji, na kanga mbili. Habari ya maji nilikuwa nimeisoma nikaielewa: Ngazija haina mto unaotiririka mwaka mzima. Kisiwa ni mlima wa volkano, Karthala, mita 2,361, na mawe yake mapya hunyonya mvua yote, ndiyo maana kila nyumba ina tangi la kuvunia maji ya mvua. Mwali ni kisiwa cha zamani zaidi, kina vijito na udongo mnene, kijani mpaka kinaumiza macho. Kanga zilikuwa za heshima. Nchi karibu yote ni Waislamu, na mimi ni Mkristo. Nilijifunika mabega na magoti, kuoga baharini nikaoga na gauni, na mchana wa Ijumaa sikupanga shughuli yoyote. Mzee ukikutana naye unamwambia "kwezi", anaitikia "mbona", umeshapata kiti.

Viza wanatoa uwanjani unaposhuka. Nilikuwa nimeambiwa euro 30 na ndizo nilizolipa. Andaa pasi yenye uhai wa miezi sita mbele, tiketi ya kurudi, na jina la mahali utakapofikia. Mimi nilibeba na kadi ya manjano ya chanjo, kwa mazoea.

Mwali ilinilipa. Usiku mmoja nilikwenda Itsamia, kijiji ambacho wenyewe wanalinda ufukwe wao ili kasa wasichinjwe. Saa ya kwenda hupangwa kwa kujaa kwa maji, kwa hiyo usipange saa ya chakula cha usiku ukidhani unaamua wewe. Kijana wa kijiji alitukalisha gizani, tochi nyeupe marufuku, simu mfukoni. Kasa alipopanda tuliambiwa tusisogee mpaka amalize kuchimba na aanze kutaga, maana kabla ya hapo akishtuka anarudi baharini na mayai yake. Tulikaa muda mrefu tunasikia mchanga tu ukirushwa. Kijana alipotuita tukasogea kwa nyuma, tukamwona akidondosha mayai meupe, akivuta pumzi nzito ya mtu mzima aliyepanda ngazi. Ada ya mwongozaji inalipwa kwa chama cha kijiji, na hiyo ndiyo fedha niliyoitoa bila kuzidisha mara sita.

Asubuhi nyingine nilipanda kilimani na mwongozaji wa kijiji cha Walla kuwaona popo wa Livingstone, ambao duniani kote wanaishi Mwali na Nzwani tu. Mabawa yakikunjuliwa yanakaribia mita moja na nusu. Wananing'inia mchana kweupe wakigombana. Njia ni ya tope, viatu vya kupendeza acha chumbani.

Chakula hakikunipa tabu. Samaki, ndizi mbichi za kuchemsha, wali wa nazi, kisamvu cha nazi ambacho wao huita mataba, na pilipili ya kusaga wanayoiita putu. Lugha ilinishangaza zaidi. Moroni kila baada ya duka moja unakuta mtu aliyesoma Dar, aliyetibiwa Dar au anayefuata mzigo Dar, na Kiswahili chake ni safi. Vijijini Mwali nilisema polepole, nao wakasema polepole, tukaelewana kwa yale ya bei, njia na chakula. Kwenye ofisi na tiketi, Kifaransa. Nilikuwa na sentensi za kutosha nilizoandikiwa kwenye daftari.

Siku ya kurudi Ngazija ndege haikuja. Tulikaa kwenye uwanja wa Bandar es Salam, karibu na Fomboni, mpaka jua likapinda, kisha tukaambiwa kesho. Abiria mmoja alikuwa na ndege ya kwenda Nairobi usiku ule ule na sura yake sitaisahau. Mimi nilirudi mjini, nikatafuta chumba, nikanunua samaki wa kuchoma. Siku moja ya akiba ilikwenda hapo, na nilikuwa nimeiweka kwa kazi hiyo hiyo.

Ngazija nilifanya kidogo, kwa makusudi. Karthala sikuupanda, unataka mwongozaji, kulala baridini njiani na magoti ambayo sina. Nilizunguka mitaa ya kale ya Moroni kuzunguka msikiti wa Ijumaa wa bandarini, ulioanzia mwaka 1427, nikaenda Ikoni ambako wanawake walijirusha kwenye majabali ili wasitekwe na wavamizi kutoka Madagaska, na siku nyingine nikaelekea kaskazini Mitsamihuli kwa teksi za kushirikiana. Teksi hizo unapanda na wengine, unalipa kiti chako, hakuna kukodi gari zima kama huna haraka.

Kwenye hesabu ya mwisho nauli za ndege, ile ya kimataifa na zile za visiwani, zilikula zaidi ya nusu ya fedha yote. Malazi ya Mwali na chakula vilikuwa chini ya nilivyokadiria, Moroni juu yake. Faranga zilizobaki zibadilishe kabla hujapanda ndege au zimalizie soko la Volo-Volo. Kwenye maduka ya kubadilishia fedha Dar niliyojaribu hawakuzitaka. Mimi zangu ziliishia kwenye vanila na karafuu, na muuzaji alinipunguzia baada ya kuniuliza kama namfahamu shangazi yake wa Ilala.