Kidani cha pembe ya mamothi, na alama ninayokataa kuifuta

Kila anayeshika kazi yangu kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile: hii si ya tembo kweli? Ana haki ya kuuliza. Tangu nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, zikubaliane mwaka 1989 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, wapo wanaotafuta mlango wa nyuma, na mamothi, yule ndugu wa tembo aliyetoweka zamani, ni mlango mmojawapo: pembe ya tembo huuzwa kwa jina lake. Pembe ikishakatwa, ikapigwa msasa na kung'arishwa, kwa macho matupu huwezi kujua imetoka kwa mnyama yupi. Wanaopinga kazi yetu kwa sababu hiyo hawajakosea, na sijawahi kubishana nao. Nilichofanya ni kutafuta namna ya kutengeneza kidani kinachojitolea ushahidi chenyewe, hata mimi nikiwa sipo.

Malighafi yenyewe hutoka mbali. Sehemu kubwa ya pembe za mamothi zilizoko sokoni huchimbwa Yakutia, huko Urusi, ambako ardhi imeganda mwaka mzima. Kiangazi kikifika, kingo za mito na fukwe huyeyuka na kumomonyoka, pembe zikajitokeza. Mamothi wa barani walitoweka miaka 10,000 hivi iliyopita, ingawa kundi dogo lilibaki kisiwa cha Wrangel hadi kama miaka 4,000 iliyopita. Muda wote huo pembe imelala kwenye udongo, ikinywa madini yake. Ndiyo maana gome la nje huwa la kahawia, jeusi, au hata la buluu na kijani pale madini ya chuma yalipokutana na fosfati na kuzaa madini yaitwayo vivianiti. Wengi hulitupa gome hilo ili wabaki na nyeupe ya ndani. Mimi hununua vipande vyenye gome kwa makusudi.

Kipande kikifika sikikati. Pembe iliyotoka kwenye barafu ina unyevu, na ukiiharakisha inapasuka. Hupaka nta kwenye ncha zote mbili, maana ndizo zinazokauka upesi kuliko ubavu, kisha naifunga kwa gazeti na kuiweka mahali pasipo jua wala upepo. Naipima uzito mara kwa mara kwa mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kushuka, iko tayari. Kipande ambacho unga wake unatoka ukikikwaruza kwa ukucha sihangaiki nacho, kimeshageuka chaki.

Ni vizuri kujua imejengwaje kabla ya kushika msumeno. Pembe hukua kwa tabaka za koni, kama vikombe vya karatasi vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine, na nyufa hufuata mipaka ya tabaka hizo. Kwa hiyo kitu chembamba kama pete kina hatari yake, kwa sababu lazima sehemu fulani ya duara iwe dhaifu. Pete nilishaziacha. Natengeneza vidani na hereni, vitu visivyogongwa-gongwa. Ufa mdogo nikiuona mapema, naudondoshea supagluu nyepesi, ikaingia yenyewe hadi ndani, nikaacha ikauke kabisa ndipo niendelee.

Kukata nakata kwa msumeno wa meno madogo, kipande kikiwa kwenye jiriwa iliyovikwa ngozi, na siendi kwa pupa. Joto ndilo adui. Pua itakwambia: ikitoka harufu ile ya chumba cha daktari wa meno, acha, pumzika, msumeno upoe. Harufu ni ile ile kwa sababu kitu ni kile kile, dentini, ile sehemu ngumu ya jino, yaani madini na kolajeni (protini). Ukiendelea kulazimisha unabaki na doa la kahawia lisilotoka. Vumbi nalo si la kuchezea. Ni laini mno na linafika mapafuni, kwa hiyo navaa barakoa yenye kichujio na napiga msasa wenye unyevunyevu kidogo. Unyevunyevu tu, kuloweka pembe ni kuiombea nyufa.

Sasa nije kwenye alama yenyewe. Ukikata pembe kwa kuikingama, ukailainisha hadi msasa namba 600 na kuipangusa kwa tone la mafuta, mistari myembamba inajitokeza, ikipishana mithili ya wavu. Ni mistari ya Schreger, na wanyama wa jamii ya tembo pekee ndio wenye mpangilio huo. Karibu na gome, mistari ya mamothi hukutana kwa kona iliyobana, chini ya digrii 90. Ya tembo wa leo hupanuka kupita digrii 115. Ikiangukia katikati ya hapo, huwezi kuamua kwa kipimo hicho peke yake. Na ni lazima upime ile ya nje. Ya ndani hubana hata kwa tembo, itakudanganya. Naweka kipande kwenye skana, nakuza picha, nachora mistari kwa penseli, kisha napima makutano kadhaa kwa protrakta na kutafuta wastani.

Tatizo ni kwamba vidani vingi vya madukani hukatwa kwa urefu wa pembe, na uso wa namna hiyo hauonyeshi kona zozote. Ni laini, unapendeza, na haukwambii kitu. Kwa hiyo niligeuza mchoro wangu: uso wa mbele wa kidani ni mkato wa kukingama, na ukingo mmoja unabaki na gome lake. Mwenye lenzi ya sonara anaweza kupima mwenyewe akiwa ameketi. Wateja wanaotaka nyeupe tupu nawaelekeza kwa mafundi wengine bila kinyongo.

Tundu natoboa upande usio na gome, kwa kekee ya mkono, nikianza mbele na kumalizia nyuma ili pasimeguke. Nikiwa hapo huwakumbuka watu wa Sungir, karibu na mji wa Vladimir, ambako makaburi ya zaidi ya miaka 30,000 yalikutwa na shanga zaidi ya 13,000 za pembe ya mamothi. Zote zilitobolewa kwa zana za mawe! Mimi nina chuma na bado nalalamika.

Baada ya hapo ni msasa hadi namba 2000, chaki laini kwenye kitambaa cha pamba, na mafuta kidogo ya madini. Vanishi sipaki, inafunika mistari. Kishikizo cha fedha cha kuningʼinizia nakichomelea kando, kinapoa, ndipo pembe inaingia, nayo naiachia nafasi ndogo kwa sababu pembe hutanuka na kunywea kulingana na hewa.

Kabla ya kupokea oda nauliza kinakwenda wapi. Mamothi hayumo kwenye orodha za CITES. Israel ilipendekeza aingizwe mwaka 2019, kisha pendekezo likaondolewa. Lakini majimbo ya Marekani ya New York, New Jersey, California na Hawaii yamepiga marufuku kuuza pembe zake, kwa hiyo huko situmi hata mteja akiahidi kubeba lawama. Kila kidani kinaondoka na picha ya mkato wake ikiwa na vipimo vya kona, nakala ya risiti ya kipande kilikotoka, na karatasi ya matunzo: usioge nacho, usikipulizie manukato, usikitumbukize kwenye dawa ya kusafishia fedha kwa sababu tindikali huila pembe. Kikianza kuwa cha manjano usinirudishie. Ni mafuta ya ngozi yako, na wengi huona kinapendeza zaidi hivyo.