Ahira, mkuu wa siku ya kumi na mbili (Hesabu 7)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii usomaji umenifikisha Hesabu sura ya 7, na nimekaa nayo siku tatu nzima, ratiba imesimama na wala sina haraka nayo, maana hii ndo sura ambayo miaka yote nilikuwa naipita juu juu.

Mnaosoma sura kwa sura mnaijua. Unatoka sura ya 6 na ile baraka tamu, Bwana akubarikie na kukulinda, moyo umejaa, alafu unakutana na mistari 89, yaani kwa wingi wa mistari inazidiwa na Zaburi ya 119 peke yake katika Biblia nzima, na sehemu kubwa ya mistari hiyo inasema kitu kimoja tu. Mkuu wa kabila anakuja na sahani ya fedha ya shekeli 130, bakuli la fedha la shekeli 70, vyote vimejaa unga mwembamba uliochanganywa na mafuta, na kijiko cha dhahabu cha shekeli 10 kimejaa uvumba, na wanyama wake wa sadaka, ng'ombe, kondoo, mbuzi. Kesho yake anakuja mkuu mwingine, vilevile. Keshokutwa, vilevile. Mara kumi na mbili, na hakuna aliyezidisha hata kijiko.

Mimi nilikuwa nasoma ya Nashoni wa Yuda wa siku ya kwanza, alafu naruka mpaka ile jumla ya mwishoni, sahani 12, bakuli 12, vijiko 12, fedha yote shekeli 2,400, naweka tiki na kujihesabia kwamba nimesoma. Na nilikuwa naona ni sawa kabisa, maana si ingetosha kuandika "na wakuu wengine wote wakatoa kama Nashoni"? Mstari mmoja, yameisha. Lakini fikiria watu wameinakili sura hii kwa mkono juu ya ngozi, herufi kwa herufi, vizazi na vizazi, na hakuna aliyeruhusiwa kuifupisha.

Safari hii nikaamua nisome kwa sauti, yote, pole pole. Nashoni wa Yuda. Nethaneli wa Isakari. Eliabu wa Zabuloni. Elisuri wa Reubeni. Nilipofika siku ya saba kwa Elishama wa Efraimu ulimi ulishazoea, sahani na bakuli vinatoka vyenyewe bila hata kuangalia, macho yanasubiri kitu kimoja tu ambacho sikijui, nacho ni jina. Hapo nikanyamaza. Maana sura nzima kumbe ndo imekaa hivyo, vyombo ni vilevile, mizani ni ileile, kinachobadilika ni mtu aliyevishika na siku aliyopewa.

Na siku zenyewe ni Mungu aliyezigawa, angalieni mstari wa 11, anamwambia Musa kila mkuu alete toleo lake kwa siku yake. Wangeweza kuja wote asubuhi moja wakaweka mzigo wote mbele ya madhabahu. Tena mwanzoni mwa sura walishaleta vitu kwa pamoja, magari sita na ng'ombe kumi na wawili wa kuyavuta, kwa ajili ya kazi ya Walawi. Kwa hiyo kuleta kwa pamoja walikuwa wanajua. Ila kwa habari ya madhabahu Bwana akasema hapana, mmoja mmoja.

Alafu nikarudi sura ya 1 kwenye ile hesabu ya watu (hii ndo faida ya kusoma kwa mfululizo, ya nyuma yanakuwa bado mabichi kichwani). Yuda walihesabiwa watu 74,600. Manase 32,200, kabila dogo kuliko yote katika ile orodha. Siku ya nane anasimama Gamalieli wa Manase na sahani yake ya shekeli 130, haipungui hata kidogo kwa ile ya Yuda, na Maandiko yanaitaja kwa ukamilifu uleule, mistari sita, neno kwa neno.

Lakini aliyenishika kweli ni Ahira mwana wa Enani, wa Naftali. Siku ya kumi na mbili. Huyu mtu ameangalia wenzake kumi na mmoja wakipita. Kila mtu kambini anajua ataleta nini, hata mtoto anajua, hakuna jipya lolote litakalotoka mkononi mwake. Naye anaenda. Na inaandikwa yote, kuanzia sahani mpaka mwana-kondoo wa mwisho, kama vile hakuna mtu aliyewahi kuleta kitu kama hicho.

Niwaambie kwa nini limenigusa. Kaka yangu aliondoka nyumbani na uchungu juu yetu sote, na uchungu juu ya Mungu pia, na huu ni mwaka wa tisa. Kila usiku namuombea na sentensi ni moja, Bwana mrudishe, na kama si kwangu basi kwako. Nimeisema mara nyingi kiasi kwamba mwaka jana nilianza kuona aibu kuisema. Niliona kama namchosha Mungu, nikawa natafuta maneno mengine, nazunguka, natafuta mistari ya kuipamba, na zipo siku niliacha kabisa kwa kuwa sikuwa na jipya la kusema. Na lile neno la Mathayo 6:7 la kutopayuka-payuka kama watu wa Mataifa lilikuwa linanihukumu sana. Sasa nimelisoma tena pamoja na mistari yake ya jirani, pale Yesu anasema juu ya watu wanaodhani watasikiwa kwa sababu ya wingi wa maneno yao. Mwana anayemwambia Baba yake hitaji lilelile, kwa sababu hitaji bado lipo na uchungu bado upo, nadhani hilo ni jambo lingine kabisa. Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba mara ya tatu, na Mathayo 26:44 inasema alisema maneno yale yale.

Sijui kama Ahira aliona aibu usiku wa siku ya kumi na moja. Maandiko hayasemi, na sitaki kumuongezea. Ila mimi ningeona.

Kitu cha mwisho ni mstari wa 89. Baada ya majina yote na jumla yote, Musa anaingia katika hema ya kukutania kunena na Bwana, na anasikia Sauti ikinena naye kutoka juu ya kiti cha rehema, kutoka kati ya wale makerubi wawili. Nilikuwa naufahamu mstari huu toka zamani kwa sababu nilikuwa naurukia. Safari hii nimeufikia baada ya kupita kwa wakuu wote kumi na wawili, na nilipousoma machozi yalinitoka, nikafunga Biblia.

Jana usiku nimepiga magoti, nikamtaja kaka yangu kwa jina lake, nikasema Bwana mrudishe, na kama si kwangu basi kwako. Sikuongeza kitu. Kesho naingia sura ya 8, Haruni anawasha taa saba.