Kesi ya dragi huanguka kwenye hati ya kiapo

Kikundi cha maigizo cha Friends of George's cha Memphis, Tennessee, kilishinda kesi dhidi ya sheria ya kubana dragi Juni 2023. Julai 2024 mahakama ya rufaa ikafuta ushindi huo, na Februari 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa hata kuisikiliza. Ni rahisi kusema ni siasa za majaji, na kweli hukumu ya rufaa ilikuwa wawili kwa mmoja. Lakini ukiisoma yenyewe utakuta kikundi kiliponzwa na ushahidi wake kwa kujisifu kwamba ni kisafi.

Kwa asiyeijua, dragi ni sanaa ya jukwaani. Mwigizaji, mara nyingi mwanamume, anavaa wigi, gauni, vipodozi vizito na matiti ya sponji, anajipa jina la jukwaani na kuigiza jinsia kwa kuitia chumvi. Wasomaji wa huku tumezoea kijana wa vichekesho vya mtandaoni anayefunga kanga na kilemba akageuka mama mkali. Ufundi wa msingi ni ule ule, ila dragi ya Marekani imelelewa kwenye baa za mashoga na ina historia yake.

Sheria ya Tennessee ilisainiwa 2 Machi 2023. Inawatia "waigaji wa kiume au wa kike" kapu moja na wacheza uchi, kisha inaharamisha onyesho lao "lenye madhara kwa watoto" likifanyika kwenye eneo la umma au mahali popote ambapo asiye mtu mzima anaweza kuliona. Tazama hilo neno "anaweza". Mtoto si lazima awe ameona kitu. Inatosha kwamba angeweza. Bustani, ukumbi wenye dirisha la barabarani, hata uani kwa mtu. Kosa la kwanza ni jela hadi miezi 11 na siku 29 na faini hadi dola 2,500. La pili linahesabiwa jinai kubwa, kifungo mwaka 1 hadi 6.

Sasa mtego. Tennessee ina hukumu ya mwaka 1993 inayosema kwamba katika kupima kama kazi ina thamani kwa watoto, kipimo ni kijana wa miaka 17 mwenye akili timamu, si mtoto wa chekechea. Friends of George's walieleza mahakamani kwamba maonyesho yao yana thamani ya kisanaa na hayana cha kumdhuru kijana wa umri huo. Majaji wa rufaa wakawajibu, kwa maneno mengine: basi sheria hii haiwahusu, na asiyeguswa na sheria hana haki ya kuishtaki. Swali la uhuru wa kujieleza halikufikiwa kabisa.

Kwa hiyo hati ya kiapo ndiyo inayostahili saa nyingi kuliko kitu kingine chochote. Sentensi inayoua kesi ni ya namna hii: "Maonyesho yetu ni ya familia nzima na hayana uchafu wowote." Inapendeza gazetini, mahakamani ni sumu. Inayofaa inataja igizo, dakika na tendo: "Dakika ya 14 mwigizaji anatikisa matiti ya sponji mbele ya meza ya kwanza na kutoa mzaha wa kitandani. Igizo hili tumepanga kulirudia katika ukumbi usio na kikomo cha umri. Sisi tunaamini lina thamani, lakini hatuwezi kujua kama mwendesha mashtaka atakubali, na kwa hofu hiyo tumelikata." Hapo hujakiri kosa. Umeonyesha tu kwamba unachotaka kufanya kinaweza kubishaniwa kuwa kimo ndani ya sheria, na kwa hoja hiyo mahakama haidai zaidi ya hapo. Ambatanisha video nzima. Ukiikatakata, upande wa pili utauliza kwa nini.

Hasara nayo ihesabike. Mgahawa wa Hamburger Mary's wa Orlando, Florida, unaoandaa maonyesho ya dragi, ulipowaambia wateja kwamba watoto hawaruhusiwi tena kwa sababu ya sheria ya jimbo hilo, asilimia 20 ya nafasi zilizowekwa zilifutwa. Takwimu hiyo iliingia kwenye madai yao, nao wakapata zuio, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha sheria hiyo, Juni 2023, likathibitishwa na majaji watatu wa rufaa Mei 2025, wawili kwa mmoja. Hakuna kilio cha "tunaogopa" kinachoshinda daftari la mauzo.

Halafu nani ashtakiwe. Jimbo lenyewe lina kinga, kwa hiyo unamshtaki ofisa anayetekeleza sheria kwa nafasi yake ya kazi. Friends of George's walibaki na mdaiwa mmoja, mwendesha mashtaka wa kaunti ya Shelby, na ushindi wao wa 2023 ukaishia kwenye mpaka wa kaunti hiyo. Miezi michache baadaye Blount Pride, waandaaji wa tamasha la mashoga mashariki mwa jimbo hilo hilo, walitishiwa na mwendesha mashtaka wa kwao na ikabidi wafungue kesi upya. Tangu 27 Juni 2025 mambo yamekaza zaidi, kwani Mahakama ya Juu imewazuia majaji wa chini kutoa zuio linalomlinda kila mtu. Asiyekuwa kwenye orodha ya walalamikaji huenda asipate kivuli chochote. Ndiyo maana kesi ya kupinga sheria ya Texas ya kubana dragi iliwaunganisha waandaaji wa tamasha, kampuni za burudani na msanii mmoja mmoja: kila mmoja anaguswa na sheria kwa upande wake, na mmoja akiondolewa wengine wanabaki.

Kuhusu muda, Memphis walifungua kesi 27 Machi, sheria ikitarajiwa kuanza 1 Aprili, na jaji akatoa zuio la dharura 31 Machi. Siku nne hizo zinawezekana tu kama viapo viko tayari. Zuio la dharura kwa kawaida lina siku 14, na huongezwa kwa sababu maalumu. Lakini usiandike viapo kwa kutegemea muswada wa kwanza. Texas ilifuta maneno yaliyowalenga wazi wazi wanaume wanaojionyesha kama wanawake, ikabakiza "vifaa au viungo bandia" vinavyotia chumvi maumbile ya kijinsia. Sponji bado imo, jina tu ndilo limetoka.

Mara nyingine sheria ya dragi haipo kabisa na kazi inafanywa na dawati la vibali. Mji wa St. George, Utah, uliwanyima Southern Utah Drag Stars kibali cha onyesho lao kwa kutumia kanuni ya kukataza kutangaza tamasha kabla ya kibali kutoka, kanuni ambayo ilikuwa imelala. Juni 2023 jaji aliamuru kibali kitolewe. Fundisho ni la karani: kabla hujachapa bango soma kanuni za mji, kisha kusanya mabango ya wengine waliotangaza mapema bila kuguswa, yakiwa na tarehe. Hayo ndiyo yanayoonyesha ubaguzi.

Vikundi vingi vinaogopa hata kwenda bungeni, vikidhani shirika lisilo la faida halina ruhusa ya kushawishi. Linayo. Ukijaza Fomu 5768 ya mamlaka ya kodi ya Marekani, unaruhusiwa kutumia kwa ushawishi hadi asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yako ya kazi za shirika. Juu ya hapo asilimia inashuka. Kumpigia debe au kumpinga mgombea wa uchaguzi, hilo haliruhusiwi kabisa.

Mwaka 2025 mapambano yalihamia kwenye ruzuku. Shirika la serikali ya Marekani la kufadhili sanaa (NEA) lilitaka waombaji wathibitishe kwamba fedha hazitakuza "itikadi ya jinsia". Rhode Island Latino Arts, National Queer Theater, The Theater Offensive na Theatre Communications Group walishtaki Machi, na 19 Septemba jaji akasema kwamba kuyapima maombi kwa kigezo hicho kunavunja katiba. Hawakusubiri kunyimwa ndipo waende mahakamani, na wala hawakusema kazi zao haziguswi na masharti hayo.