Machicha ya Mkesha wa Idi

Ilikuwa mwezi ishirini na tisa Ramadhani, alasiri, na nyumba yetu ya Kikwajuni, mjini Unguja, haikuwa na pa kuweka mguu. Hatukujua kama kesho ni Idi au tutafunga tena, lakini nazi zilikuwa zinakunwa kana kwamba mwezi umeshaandama. Wakubwa walikuwa jikoni. Mimi, niliyekuwa katika mwaka wa kwanza wa ualimu wa chekechea, nikaachiwa watoto watano uani, mkubwa wao miaka mitano, mdogo hata miwili hajatimiza.

Nilikuwa na mpango wangu. Kwenye mafunzo tulionyeshwa picha za masinia ya mchele uliotiwa rangi za sikukuu, watoto wanachota, wanamimina, wanafukua vitu vilivyofichwa ndani. Nikapima kilo moja ya mchele, nikafungua na kichupa cha rangi ya keki.

Bibi alikuwa mkekani anachambua iliki.

"Mchele huo waufanyia nini, mwanangu?"

"Wa watoto kuchezea, Bibi. Wanajifunza kwa mikono."

"Mchele hauchezewi. Watu wamefunga, na kuna nyumba leo hazina cha kufuturu. Kaurudishe."

Nikaurudisha. Sikumjibu, ila iliniuma, kwa sababu niliona naambiwa kwamba kazi niliyoisomea ni upuuzi. Watoto nao wameshaanza kuvutana nguo. Muda kidogo Bibi akanyoosha kidole kwenye beseni lililokuwa karibu na kifumbu.

"Na yale machicha? Kuku watayala tu, yachezewe yasichezewe."

Nazi saba zilikuwa zimekamuliwa tui la kwanza na la pili. Machicha yaliyobaki yalikuwa meupe, mepesi, bado yana unyevu na mafuta kidogo, ukiyafinya yanashikana, ukiyaachia yanamwagika. Nikayagawa mafungu mawili, moja nikalichanganya na vijiko viwili vya manjano, nikayamimina yote kwenye sinia la pilau. Nikaongeza upawa wa kifuu, vikombe vya plastiki na vijiti virefu vya mdalasini. Karafuu nazo nilizitaka kwa harufu yake, ila sikuzimwaga humo. Mtoto wa umri ule kitu kidogo hukitia puani au mdomoni kabla hujageuka, kwa hiyo nilizifunga kwenye kipande cha kanga, fundo mbili imara.

Wanne wakavamia sinia. Mmoja akapika pilau, mwingine akauza vileja vya machicha kwa shilingi mia, na yule mdogo kabisa akalamba kiganja, akafikiri, akalamba tena. Nikamwacha, nazi ni chakula. (Walitaka pia kuchorwa piko mikononi kama dada zao, nikakataa kabisa. Piko lina dawa ya kutia nywele weusi, na nimewahi kuona mkono wa mtoto uliotoka malengelenge kwa ajili yake.)

Wa tano ni mtoto wa dada yangu, miaka mitatu kasoro. Huyu mchanga wa pwani humliza. Wali hula kwa kijiko, na punje ikimgusa kidole lazima afutwe. Alisimama mlangoni, mikono ameibana kwapani. Sikumwita. Nilimpa lile fundo la karafuu tu, akalinusa, akalikumbatia kifuani. Kisha akaja akachuchumaa hatua mbili kutoka kwenye sinia. Akachukua kijiti cha mdalasini, akachora mstari kwenye machicha ya manjano, akaufuta kwa kijiti hichohicho, akachora tena. Mstari wa tatu aliufuta kwa ncha ya kidole cha shahada. Akakitazama kidole, akanitazama mimi. Nilijizuia nisimpigie makofi, maana angeshtuka. Akarudisha kidole, halafu vidole vinne, halafu mikono yote miwili ikazama mpaka viwikoni, na fundo la karafuu limeanguka ubavuni hana habari nalo.

Bibi alikuwa ameacha iliki zake anamtazama.

Kabla ya magharibi nikayakusanya, kwa sababu machicha hayalali. Kwa joto la kwetu yakikaa saa chache yanachacha. Kuku wakapewa ya manjano na meupe, wakala. Baada ya Isha redio ikatangaza kwamba mwezi umeandama, na takbira zikaanza msikitini.

Asubuhi dada yangu alinijia juu, kwa haki yake. Alikuwa amemsugua mtoto kwa sabuni na ndimu, viganja bado vya manjano, na kanzu mpya nyeupe imeshapata alama mbili kifuani. Nikamwomba radhi. Jioni tulipowapeleka Mnazi Mmoja kwenye sikukuu, watoto wa kike waliokuwa foleni ya bembea walikuwa wanaonyeshana hina. Yeye akasogea katikati yao, akanyoosha viganja vyake viwili, wazi kabisa, akavishikilia hapo mpaka kila mmoja amevitazama.