Mguu wa kushoto wa Nasra

"Kwani ulikuwa unambeba upande gani?"

Mama mkwe aliniuliza hivyo Jumapili kuhusu mwanangu Nasra, ambaye mguu wake wa kushoto umeingia tege; ungo wa mchele mapajani, wala hakuinua macho. Nikamjibu, "Pande zote, mama." Akapepeta kidogo, akasema, "Mh." Wiki imepita, harusi ya kaka imekwisha, barua ya uhamisho wa Baba Nasra kwenda Dodoma imetoka, lakini mimi bado niko pale jikoni na ile "Mh."

Maana yake naijua. Kwao Arumeru, matege ya miguu miwili husingiziwa maji, na kweli floraidi, madini yaliyozidi kwenye maji ya kule, imepinda mifupa ya watoto. Hakuna anayemlaumu mama. Ukipinda mguu mmoja, basi ni mbeleko.

Laiti mama mkwe angekuwepo pale daktari alipoiweka eksirei kwenye mwanga! Chini kidogo ya goti, upande wa ndani wa muundi, ukuta wa mfupa una kishimo cheusi chenye ukingo mweupe uliokolea. Mle mna nyama ngumu ya kano iliyochanganyika na gegedu, mahali palipopaswa kuwa mfupa. Upande ule hauendi sawa na wa nje katika kukua, ndipo mguu ukaenda tege. Si saratani. Si rikets, ule ulaini wa mifupa unaoletwa na upungufu wa vitamini D au madini; damu haina upungufu wowote. Madaktari wa Melbourne, Australia, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1985, kwa watoto watatu tu, na hadi leo ni nadra. Hakuna kanga iwezayo kuchimba mfupa!

Na kuna lililonipa usingizi: wengi hunyooka wenyewe jinsi wanavyokua. Tutapiga picha nyingine baada ya miezi kadhaa. Usiponyooka, ndipo yaje mazungumzo ya upasuaji. Jana Nasra alimfukuza kuku wa jirani hadi uchochoroni, unyayo wa kushoto ukikanyagia ubavu, na akamshika mkia. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Picha iko juu ya kabati. Mama mkwe akija Ijumaa nitamwonyesha kile kishimo kwa heshima zote, kisha nitambeba Nasra mgongoni mbele yake, na kanga niikaze.

Ila dada wa kazi anaaga kwenda kwao kuvuna, na amefungasha mpaka ndala za kuogea. Sidhani kama atarudi. Jumatatu niko zamu ya asubuhi, Baba Nasra yuko safarini. Mtoto nimwachie nani?