Kikohozi Kinaposhuka Tumboni

Mtu kakohoa siku mbili, ya tatu anaharisha. Mitaani Kampala jibu huwa tayari: "Hiyo ni taifodi." Anapimwa Widal, kipimo cha damu cha taifodi, majibu yanatoka chanya, anarudi nyumbani na antibayotiki. Shida ni kwamba Widal husoma kingamwili, na kingamwili za taifodi ya zamani bado zinaweza kuonekana. Malaria pima, hilo halina mjadala. Ikitoka hasi, basi kumbuka kile kikohozi: huenda ni korona.

Kirusi cha korona huingia kwenye seli kwa kushika protini iitwayo ACE2. Haiko mapafuni tu. Imejaa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, na ipo pia kwenye mirija ya nyongo ndani ya ini. Ndiyo maana wengine hutapika au kuharisha, pengine hata kabla ya kukohoa.

Ini lenyewe kwa kawaida hulalamika kidogo tu: ALT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu, inasoma 60 au 80, wakati kikomo cha maabara nyingi ni karibu 40, kisha hushuka yenyewe. Macho yakigeuka manjano, au mkojo ukawa kama chai ya rangi, usisingizie mafua. Nenda hospitali upimwe na homa ya ini aina ya B.

Kinacholiumiza ini zaidi mara nyingi ni tunachokiongeza wenyewe. Panadol (parasetamoli) ya miligramu 500, mtu mzima hapaswi kupita vidonge 8 kwa saa 24, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli hiyohiyo ndani. Geuza pakiti usome. Sehemu ya parasetamoli hugeuka sumu, na ini huizima kwa akiba yake ya glutathioni, kemikali inayolilinda. Mtu asiyekula siku mbili, tena mnywaji wa waragi kila jioni, akiba hiyo imepungua. Kwa hiyo ile glasi ya "kuua kikohozi" iache.

Kwa kuharisha, ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Pakiti ya lita moja huenda kwenye maji safi lita moja, yaani tumpeko mbili za nusu lita. Ukitia tumpeko moja ili "iwe na nguvu", chumvi na sukari zinazidi, zinavuta maji kuingia utumboni, na kuharisha kunaongezeka. Anayetapika mpe kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Inayobaki baada ya saa 24, mwaga.