Mizani ilisema sitini, risiti ikasema sifuri

Juzi mpwa wangu, anayejifunza PHP, lugha ya kuandikia programu, aliniuliza: "Mjomba, kama klasi ya mtoto inarithi kwa mzazi, mbona haigusi kilichowekwa private?" Nilimjibu kwa kifupi: klasi ni kiolezo cha kuundia vitu ndani ya programu, na kilicho private huguswa na klasi iliyokitangaza tu. Lakini mawazo yalishanirudisha Mbale, Uganda, kwenye ile stoo ya kahawa.

Ulikuwa msimu wa mavuno, Arabika ikishuka kutoka Mlima Elgon kwa pikipiki na malori. Mizani ya kielektroniki iliongea na mfumo wetu kupitia kiendelezi cha PHP, yaani kipande cha programu cha kuiongezea uwezo, kilichoandikwa kwa lugha ya C. Ndani yake mlikuwa na klasi Mzigo, yenye sifa (nafasi ya kuhifadhi thamani) ya uzito iliyowekwa private. Kilifanya kazi bila tatizo hadi ilipoongezwa klasi ya mtoto, MzigoWaKahawa, ili unyevu nao urekodiwe.

Asubuhi hiyo mzee mmoja wa Bududa alipandisha gunia lake. Namba nyekundu zikachezacheza, zikatulia: 60.4. Risiti ikatoka: uzito 0. Mzee akaisogeza karatasi mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akanitazama.

"Mwanangu, gunia langu limekwenda wapi?"

Hakupandisha sauti. Foleni nzima nyuma yake ilinyamaza kusikiliza nitasema nini. "Liko, mzee wangu, tumeliona sote," nikamwambia, na karani akamwandikia risiti ya mkono yenye mhuri. Kwa mtu aliyelima mwaka mzima, sifuri ile ilikuwa tusi, na iliniuma.

Nikakichapisha kile kitu kilichoundwa kwa ajili ya gunia la mzee kwa var_dump, amri ya PHP inayoonyesha kilichomo ndani ya kitu:

["uzito":"Mzigo":private]=> float(0)
["uzito"]=> float(60.4)

Uzito mara mbili ndani ya mzigo mmoja! Unapoita zend_update_property, amri ya upande wa C ya kuandika thamani ya sifa, unaitajia kwanza klasi unayoingia kwa jina lake. Msimbo ule ulitaja Z_OBJCE_P, yaani klasi ya kitu chenyewe. Kitu kilipokuwa Mzigo, mambo yalikwenda sawa. Kilipokuwa MzigoWaKahawa, PHP iliona kwamba uzito wa private ni mali ya Mzigo peke yake. Badala ya kukataa, ikaunda sifa mpya ya jina lilelile, na kilo za mzee zikaingia humo. Mbinu ya getUzito, inayosoma kwa jina la Mzigo, ikakuta sifuri.

Kimya kile ndicho kilichoniudhi. Tulikuwa kwenye PHP toleo la 7.4. Toleo la 8.2, lililotoka Desemba 2022, lingetoa onyo, maana kuunda sifa kiholela namna hiyo kumeanza kupigwa marufuku.

Dawa ilikuwa kutaja mzigo_ce, klasi ya mzazi, mahali pa ile Z_OBJCE_P. Mwenzangu kazini hakuridhika. "Kaka, weka protected tu, watoto wote waufikie." Nilikataa: kilo za mkulima ziguswe na mizani tu, asije mtu akaandika klasi ndogo ya kuzipunguza.

"Na huyo wa C anayejitambulisha kama mzazi, nani anamkagua?" akauliza.

Hapo sina jibu mpaka leo. Msimbo wowote wa C unaoifikia mzigo_ce unaweza kuandika kilo unazotaka, na PHP itakubali. Uzito umebaki private, na kila badiliko la upande wa C tunalisoma sote wawili kabla halijafika stoo.